Invatesi: jina, maana na matumizi ya kimeng'enya cha hamira kinachovunja sukari

invatesi *nm* [i-/zi-] kimeng'enya, hasa kitokanacho na hamira, kinachoivunja sukrosi kwa msaada wa maji na kutoa glukosi na fruktosi kwa viwango sawa: *Invatesi iliyochujwa katika hamira ilitiwa katika maji ya sukari.*

Maana kwa ufafanuzi

Sukari ya dukani, itokayo katika miwa, kwa jina la kikemia huitwa sukrosi. Kila molekuli ya sukrosi ni sukari mbili ndogo zilizoshikamana: glukosi na fruktosi. Invatesi huukata mshikamano huo na kutia molekuli moja ya maji mahali palipokatwa. Gramu 342 za sukrosi zikivunjwa zote hutumia gramu 18 za maji na kutoa gramu 180 za glukosi na gramu 180 za fruktosi. Hakuna kinachopotea, wala invatesi yenyewe haimaliziki. Ikishakata molekuli moja huhamia nyingine.

Kazi hiyo huifanya kwa ajili ya hamira. Sukrosi haiingii kwa wepesi katika seli ya hamira, lakini glukosi na fruktosi huingia. Kwa hiyo hamira huitoa invatesi na kuiweka katika ukuta wa seli, sukrosi ikavunjwa nje, na vipande vyake vikaliwa ndani. Mgema anayegema mnazi huyaona matokeo ya kazi hii bila ya kuhitaji jina lake: utomvu uliogemwa asubuhi ni mtamu, na sehemu kubwa ya utamu huo ni sukrosi; hamira za porini zinapoingia huuvunja kwanza, kisha huuchachua, na jioni tembo limekuwa kali.

Hamira na invatesi: mtenda kazi na chombo chake

Kosa linalotokea mara nyingi zaidi katika maandishi ya wanafunzi na ya wafasiri ni kuyafanya maneno haya mawili kuwa na maana moja. Hamira ni kiumbe hai, jamii ya kuvu yenye seli moja moja. Ile ya mikate hujulikana kitaalamu kwa jina la *Saccharomyces cerevisiae*. Hamira hula, hukua, huzaliana na hufa. Invatesi ni protini. Haili, haizaliani, na haiwezi kusemwa kuwa imekufa; huharibika tu inapopashwa moto mkali, kama ute wa yai unavyoharibika kwa kuchemshwa usirudi tena kuwa majimaji.

Tofauti hii haikupatikana kirahisi hata kwa waliobobea. Katikati ya karne ya 19 Louis Pasteur alishikilia kuwa uchachukaji ni tendo la uhai, lisiloweza kutokea pasipo na seli hai. Mwaka 1860 Marcellin Berthelot aliiloweka hamira katika maji, akayachuja, akayatia spiriti, na kupata mashapo yaliyoweza kuivunja sukari ya miwa ilhali hamira yenyewe haipo tena. Mashapo hayo ndiyo invatesi. Hata hivyo, mjadala wa uchachukaji kwa ukamilifu wake uliendelea hadi mwaka 1897, Eduard Buchner alipoisaga hamira, akaikamua, na kuonyesha kuwa maji yake pekee, yasiyo na seli hata moja, huichachua sukari ikatoa spiriti na gesi. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1907. Mwandishi anayeandika "hamira" pale panapotakiwa "invatesi" huirudisha nyuma hoja iliyochukua takriban miaka arubaini kutatuliwa.

Katika Kiswahili tofauti hiyo inaweza kubainishwa kwa sentensi fupi:

*Isiandikwe:* Hamira ni kimeng'enya kinachoivunja sukrosi.
*Iandikwe:* Hamira ni kiumbe kinachotoa kimeng'enya kiitwacho invatesi. Invatesi huivunja sukrosi.

Linafuata swali la upatanisho. Ikiwa hamira ni kiumbe hai, je, isemwe "hamira anakula sukari"? La. Upatanisho wa a-/wa- katika Kiswahili huwahusu watu na wanyama, wakiwemo wadudu na samaki. Hauhusu kila kilicho na uhai. Mti una uhai, nao "unakua". Uyoga una uhai, nao "unaota". Hamira hufuata njia hiyo hiyo: *hamira inakula sukari, hamira imekufa kwa maji ya moto.* Upatanisho wa i-/zi- hauikanushi sayansi. Unafuata tu mkondo ambao lugha imejiwekea.

Hamira, chachu na uchachu

*Hamira* lina asili ya Kiarabu na ndilo neno la jikoni Unguja: hutiwa katika mkate wa ufuta, katika mkate wa kumimina na katika vitumbua. *Chachu* hutokana na kitenzi *-chacha* na lina mawanda mapana zaidi. Hutaja kitu chochote kinachochachua, hutumika katika maandiko ya dini, na hutumika kwa istiari, kama katika "chachu ya maendeleo". Kwa sababu ya upana huo, *chachu* halifai pale ambapo msomaji anahitaji kujua ni kiumbe gani hasa kinachozungumziwa. Katika maandishi ya biolojia, *hamira* ni bora.

Kitenzi *-chacha* nacho kinahitaji tahadhari. Wali uliochacha ni wali ulioharibika. Vita vilivyochacha ni vita vilivyopamba moto. Na katika lugha ya mitaani aliyechacha ni aliyeishiwa fedha. Kwa tendo la kisayansi hutumika *-chachua, -chachuka* na nomino *uchachukaji* au *uchachushaji*. Unga hauchachi, unga *huumuka*. Anayesema "unga umechacha" anamwambia mwenziwe autupe.

Muhimu zaidi ni kuwa invatesi haichachui. Huvunja sukrosi, basi. Uchachukaji, yaani kuigeuza glukosi kuwa spiriti na gesi, ni kazi ya vimeng'enya vingine vingi vinavyopokezana ndani ya seli. "Invatesi huchachua sukari" ni sentensi isiyo na kosa la sarufi, na ni ya uongo.

Asili ya jina

Jina limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza au kupindua. Kinachogeuzwa ndicho kinachowapoteza wasomaji wengi, kwani si sukari: ni mwelekeo wa nuru. Nuru iliyochujwa hata ikabaki inatetema katika bapa moja ikipitishwa katika maji ya sukrosi, bapa hilo huzunguka upande wa kulia. Kipimo cha sukrosi ni nyuzi 66.5 kulia. Sukrosi ikishavunjwa, glukosi huendelea kuizungusha nuru kulia kwa nyuzi 52.7, lakini fruktosi huizungusha kushoto kwa nguvu zaidi, nyuzi 92 hivi. Jumla ya mchanganyiko huo huangukia kushoto, karibu nyuzi 20. Aliyekuwa akiangalia kwa chombo chake aliona nuru iliyokuwa ikienda kulia imegeuka kwenda kushoto, na mgeuko huo ndio uliolipa jina tendo zima. Kiambishi cha mwisho kinachotambulisha vimeng'enya kilipendekezwa na Émile Duclaux mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuigiza jina la diastesi, kimeng'enya kilichopewa jina mwaka 1833.

Kwa hiyo mfasiri anayeandika "kimeng'enya kinachopindua sukari" amefasiri neno na kuacha maana. Msomaji wa Zanzibar akisoma *kupindua* atafikiria nguo iliyogeuzwa ndani nje, au serikali iliyoondolewa, hatafikiria kutenganisha. *Kugeuza* ni afadhali, lakini nalo lina maana mbili: kuelekeza upande mwingine, na kufanya kitu kiwe kingine. Maana ya kwanza ndiyo iliyozaa jina. Maana ya pili ndiyo atakayoielewa msomaji. Zote mbili ni za kweli kwa invatesi, lakini mwalimu asipozitenga, mwanafunzi ataondoka akidhani kuwa molekuli ya sukari hulazwa kifudifudi.

Mapendekezo ya matumizi ni haya. Kwa tendo la kikemia, *-vunja* au *-tenganisha*: "invatesi huvunja sukrosi". Kwa kipimo cha nuru, *-geuza* pamoja na kitajwa chake: "mwelekeo wa nuru hugeuka kutoka kulia kwenda kushoto". Kwa bidhaa inayouzwa viwandani, yaani mchanganyiko wa glukosi na fruktosi utokanao na sukrosi, *sukari iliyogeuzwa*, na maelezo yatolewe pale jina linapotajwa kwa mara ya kwanza.

Kimeng'enya na enzaimu

*Kimeng'enya* [ki-/vi-] limeundwa kutokana na kitenzi *-meng'enya*, ambacho katika biolojia kinahusishwa na mmeng'enyo wa chakula tumboni. Kiambishi *ki-* hapa ni cha kuunda jina la kitu kinachofanya kazi fulani, kama katika *kifuniko*, *kizibo* na *kichocheo*. Kitofautishwe na *ki-* ya udogo, iliyomo katika jina la mtaa wa Kikwajuni, Ng'ambo ya mji wa Zanzibar: *mkwaju* ni mti, *ukwaju* ni tunda lake, *kikwaju* ni mkwaju mdogo, na *-ni* huonyesha mahali. Kimeng'enya si kitu kidogo cha kumeng'enya. Ni chombo cha kumeng'enyea.

Neno hili limekosolewa kwa sababu vimeng'enya vingi havimeng'enyi chochote. Heksokinesi, ambayo nayo hupatikana katika hamira, huongeza fosfeti juu ya glukosi badala ya kuivunja. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo inayowafanya baadhi ya waandishi kupendelea *enzaimu* [i-/zi-]. Lakini neno la kigeni nalo halina haki zaidi. Lilibuniwa na Wilhelm Kühne katika miaka ya 1870 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu", na vimeng'enya vingi havimo katika chachu: vimo katika mate, katika majani na katika damu. Kila lugha iliipa jumla jina la mfano ulioijia kwanza. Wazungu waliona hamira. Waswahili waliona tumbo. Jina likishazoeleka, maana yake huamuliwa na matumizi, na *kimeng'enya* limezoeleka katika vitabu vya shule. Lililo muhimu ni mwandishi kuchagua moja na kulishikilia kutoka mwanzo wa andiko hadi mwisho.

*Kichocheo* ni neno pana kuliko *kimeng'enya*. Invatesi ni kichocheo. Asidi inayoivunja sukrosi bila ya hamira nayo ni kichocheo. Asidi hiyo haiwezi kuitwa kimeng'enya.

Umbo la neno na upatanisho

Majina ya sukari na majina ya vimeng'enya hutofautiana kwa irabu moja. *Laktosi* ni sukari ya maziwa. *Laktesi* ni kimeng'enya kinachoivunja. *Sukrosi* ni sukari ya miwa. *Sukresi* ni kimeng'enya cha utumbo kinachoivunja. Mwiko wa kwanza wa mhariri wa maandishi ya sayansi ni kuichezea irabu hiyo, kwani kosa la herufi moja humfanya mlaji kuwa mliwa. Baadhi ya waandishi huandika *-ozi* na *-asi* (laktozi, laktasi), wakifuata tahajia ya lugha za Ulaya. Wengine *-osi* na *-esi*, wakifuata matamshi yanayosikika madarasani Afrika Mashariki. Mifumo yote miwili inatetewa. Kisichotetewa ni kuichanganya katika ukurasa mmoja.

Invatesi hufuata ngeli ya i-/zi-, umbo likiwa moja katika umoja na wingi: *invatesi hii inafanya kazi; invatesi hizi zinafanya kazi.* Ikitanguliwa na neno *kimeng'enya*, upatanisho huongozwa na neno hilo: *kimeng'enya invatesi kinavunja sukrosi.*

Invatesi na sukresi zisichukuliwe kuwa visawe. Zote huvunja sukrosi na hutoa vitu vile vile, lakini invatesi ya hamira huishika sukrosi kwa upande wa fruktosi, na sukresi ya utumbo wa binadamu huishika kwa upande wa glukosi. Ni protini mbili za nasaba tofauti zilizofika sokoni kwa njia mbili.

Katika maabara

Invatesi ina nafasi maalumu katika historia ya utafiti kwa sababu tatu: hamira hupatikana kwa urahisi, invatesi yenyewe ni imara, na kazi yake hupimika kwa macho kwa kuangalia nuru inavyogeuka. Victor Henri aliitumia huko Paris na mwaka 1903 akatoa fomula ya kasi yake. Mwaka 1913 Leonor Michaelis na Maud Menten, daktari kutoka Kanada, walichapisha huko Berlin utafiti wao juu ya kasi ya kimeng'enya hiki. Walidhibiti kiwango cha asidi, jambo ambalo waliotangulia hawakulizingatia vya kutosha, na walisubiri mzunguko wa nuru wa glukosi mpya utulie kabla ya kupima. Walionyesha kuwa kasi huongezeka kadiri sukrosi inavyoongezeka, kisha hufikia kikomo, kwa sababu kila molekuli ya kimeng'enya huwa imeshashika sukrosi na haina nafasi ya nyingine. Kiwango cha sukrosi kinacholeta nusu ya kasi ya juu walikikadiria kuwa moli 0.0167 kwa lita. Hadi leo kipimo cha aina hiyo, kwa kimeng'enya chochote kile, huitwa kwa majina yao.

Katika kufasiri mlango huu, *kasi* itumike kwa wingi wa kazi katika muda, na *nguvu* iachwe. Kimeng'enya hakina nguvu zaidi kwa kuongezewa sukari. Kina kasi zaidi. Istilahi inayotaja kiwango cha joto au cha asidi ambacho kimeng'enya hufanya kazi vizuri kuliko vyote ifasiriwe *kiwango mwafaka*, si *kiwango cha juu*. Kwa invatesi ya hamira kiwango mwafaka cha joto ni karibu nyuzi 55 za Selsiasi, na cha asidi ni karibu pH 4.5. Mwanafunzi anayesoma "kiwango cha juu" huenda akadhani kuwa kadiri joto linavyozidi ndivyo kazi inavyozidi, na hapo ameshakipika kimeng'enya chake.

Baadaye invatesi ilitumika kujibu swali la namna nyingine. Jeni iitwayo SUC2 huzalisha maumbo mawili ya invatesi: moja hubaki ndani ya seli, na jingine, ambalo karibu nusu ya uzito wake ni minyororo ya sukari iliyobandikwa juu ya protini, husafirishwa hadi nje. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 Randy Schekman na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizitafuta hamira zenye kasoro ambazo, zikiwekwa katika nyuzi 37, zilishindwa kuitoa invatesi ikarundikana ndani. Kila kasoro ilifichua jeni moja inayoshiriki katika usafirishaji. Kwa kazi hiyo Schekman alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2013. Kitenzi mwafaka hapa ni *-toa* au *-safirisha nje*. *-Vuja* hakifai, kwani kinachovuja hakikukusudiwa kutoka.

Kutoka jikoni hadi darasani

Mwalimu anayefundisha Kikwajuni, au mahali popote penye jiko la Kiswahili, ana mifano ya karibu. Anayepika shira ya kaimati hukamua ndimu katika sukari inayochemka ili shira isigande na kurudi kuwa sukari. Asidi ya ndimu, kwa msaada wa moto, huvunja sehemu ya sukrosi. Glukosi na fruktosi zinazopatikana huzizuia chembe za sukrosi kupangana. Ukwaju ukichemshwa pamoja na sukari huleta matokeo ya namna hiyo, kwani nao una asidi. Kilichofanyika ndani ya sufuria ni tendo lile lile la invatesi, isipokuwa kichocheo ni asidi na moto unahitajika. Hamira hulifanya pasipo na moto. Nyuki nao hulifanya kwa kimeng'enya chao, na ndiyo maana asali ni glukosi na fruktosi kwa sehemu kubwa.

Lililo faida kwa mpishi ni hasara kwa kiwanda. Miwa iliyokatwa ikachelewa kufikishwa kiwandani, kama kile cha Mahonda, huanza kuvunjika sukrosi yake, na sukari iliyovunjika haigandi kuwa chembe. Mfano huu humwonyesha mwanafunzi kuwa *kuvunja* si kuharibu wala kutengeneza. Ni kubadilisha, na thamani ya badiliko hutegemea anayelihitaji.

Kwa zoezi la vitendo, kijiko cha hamira kavu hulowekwa katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa, kisha maji huchujwa. Nusu ya maji hayo huchemshwa na kupozwa. Kila nusu hutiwa katika maji ya sukari, na baada ya muda hupimwa kwa kemikali ya Benedict katika maji ya moto. Palipotiwa maji yasiyochemshwa, rangi ya buluu hugeuka kuwa nyekundu ya matofali. Palipotiwa yaliyochemshwa, buluu hubaki. Wanafunzi wa sekondari waliowahi kuichemsha sukari kwa asidi hafifu kabla ya kupima wameshaufanya mlango wa pili wa zoezi hili. Istilahi ya Kiingereza inayotaja sukari zenye kubadili rangi ya Benedict isifasiriwe kwa kitenzi *-punguza*, ingawa maana yake ya kawaida ndiyo hiyo: hakuna kinachopungua machoni pa mwanafunzi. Ni heri kusema *sukari inayobadili rangi ya Benedict*, na maelezo ya elektroni yaachiwe somo la kemia.

Pale ambapo neno moja lina hatari

Wapo watoto wanaozaliwa bila ya sukresi ya kutosha. Wakila sukari huharisha na tumbo hujaa gesi. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha dawa ya majimaji kwa ajili yao, iitwayo sakrosidesi, ambayo ni invatesi iliyotolewa katika hamira. Maelezo ya dawa kama hiyo yakifasiriwa kwa Kiswahili, kila tofauti iliyojadiliwa hapo juu hugeuka kuwa suala la afya.

Mfasiri akiandika "mpe mtoto hamira", mzazi ana haki ya kwenda dukani kununua paketi ya hamira ya mikate na kuiacha dawa iliyopimwa. Akiandika "kimeng'enya" peke yake bila ya kutaja hamira, ameficha onyo, kwani dawa hiyo haifai kwa mtu ambaye mwili wake huikataa hamira. Akiandika "itiwe katika kinywaji" bila ya kutaja joto, mzazi atatia katika chai ya moto, na moto utaiharibu protini kabla haijamezwa. Tafsiri iliyo salama ni ndefu kidogo, na urefu huo una kazi:

*Dawa hii ina kimeng'enya kinachovunja sukari, nacho kimetolewa katika hamira. Asiitumie mtu ambaye mwili wake huikataa hamira. Itiwe katika maji au maziwa ya baridi au yasiyo na moto. Isitiwe katika kinywaji cha moto.*

Katika maneno hayo machache hamira imebaki kuwa kiumbe, kimeng'enya kimebaki kuwa chombo, na kitenzi kimesema kinachotendeka. Wala hapakuhitajika istilahi hata moja ambayo mzazi hajawahi kuisikia. Neno *invatesi* lenyewe halimo. Istilahi ni kwa ajili ya wale wanaohitaji kuvitofautisha vimeng'enya. Maelezo wazi ni haki ya kila msomaji.

Tazama pia: *hamira, chachu, -chacha, -umuka, kimeng'enya, kichocheo, mmeng'enyo, shira, sukrosi, uchachukaji*